Friji baridi, gari limegoma: ninunue betri gani ya pili?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ndefu yenye injini ya 1HZ na betri moja ya N70. Nachukua wageni Arusha kwa safari za kambi za siku sita: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, na mara mojamoja Natron. Nimenunua friji ya kompresa ya lita 45, ya mtumba lakini nzima, nikaichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Asubuhi ya pili pale Seronera soda zilikuwa baridi safi, gari likagoma kuwaka, nikavutwa na gari la jirani wageni wakiangalia. Rafiki yangu ananishauri niongeze N70 nyingine nizifunge pamoja. Muuza betri naye anataka kuniuzia lithiamu ya 200. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa aibu ya kuvutwa. Usichukue hata moja kati ya hizo. Kwa safari zako mimi ningefunga lithiamu moja ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), chaja ya DC-DC ya ampea 25, yaani ile inayochukua umeme wa gari kuchaji betri ya pili, na waya mnene kuliko unavyodhani. Kama mfuko hauruhusu, AGM ya 100, yaani betri ya risasi iliyofungwa, isiyomwagika, pamoja na paneli ndogo ya sola juu ya paa. Maelezo yake ni marefu, ila yasome kabla hujalipa, maana wengi wanaofika gereji kwangu wameshanunua betri, ndipo wanauliza itajazwa na nini.

Tuanze na asubuhi ile ya Seronera. N70 ni betri ya kuwashia. Ndani yake kuna sahani nyingi nyembamba za risasi, zimetengenezwa ili zimwage mamia ya ampea kwa sekunde chache, halafu altaneta irudishe kile kidogo kilichotoka. Ukiinyonya polepole usiku kucha, hiyo siyo kazi iliyozaliwa nayo. Usiku ule friji yako pengine ilikula ampea-saa 20 hivi. N70 mpya ingevumilia. Yako, kama imeshapigwa vijituta vya kutoka lango la Naabi mpaka Seronera kwa miaka miwili, huenda imebakiwa na nusu ya uwezo wake, na 1HZ haina huruma: ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, hita plagi zinataka chao kwanza, kisha stata inataka chake kingi. Taa za dashibodi zinawaka, stata inalia tak-tak-tak, basi.

Utasema, mbona friji ina kinga, inazima yenyewe betri ikishuka? Ni kweli. Lakini kompresa nyingi za Danfoss, ambazo siku hizi zinaitwa Secop, kiwandani zimewekwa zikatike volti zikifika 10.4. Kwenye 10.4 friji imejilinda yenyewe. Gari limeshalala zamani. Friji nyingi zina ngazi tatu za kukata umeme, chini, kati na juu. Tafuta hiyo batani, weka ya juu. Ni hatua ya bure, unaweza kuifanya leo. Ina mtego wake, nitaueleza nikifika kwenye waya.

Sasa ushauri wa rafiki yako. N70 mbili zikiungwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, bila kitu cha kuzitenganisha, friji itazinyonya zote mbili kwa pamoja, na asubuhi utakuwa na betri mbili zilizokufa. Isitoshe, ile ya zamani itaivuta mpya chini mchana na usiku. Shabaha nzima ya betri ya pili ni kwamba gari likizimwa, ile ya kuwashia isiguswe na mtu. Hilo likikosekana, umeongeza uzito tu.

Umesema gari lina betri moja, kwa hiyo ni la volti 12 na tunaenda sawa. Wengine wanaosoma hapa wana Land Cruiser za dizeli zilizotoka moja kwa moja Japani, zina betri mbili chini ya boneti. Fungueni mwangalie waya kabla ya kufurahi. Kama chanya ya betri moja imeungwa na hasi ya nyingine, hizo zinafanya kazi kama betri moja ya volti 24, hakuna ya akiba hapo. Kuchomoa volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili ni kuiua taratibu: moja itakuwa na njaa, nyingine itachajiwa kupita kiasi. Friji nyingi za kompresa hukubali 12 na 24 zote, na kwa betri ya akiba ya 12 itabidi utafute chaja inayoshusha kutoka 24.

Turudi kwako. Kabla ya kuzungumza betri, ijue friji. Azima mita ya kubana waya inayosoma umeme wa DC. Zile za mafundi wa majumbani nyingi husoma AC pekee. Kompresa ikiwa inafanya kazi, soma ampea. Kisha kaa na saa yako, hesabu ndani ya saa moja imefanya kazi dakika ngapi. Chukua friji inayovuta ampea 4.5 na kufanya kazi dakika 22 kwa saa. Hiyo ni wastani wa ampea 1.65, mara saa 24, ni karibu ampea-saa 40 kwa siku. Friji hiyohiyo, Natron mwezi wa Oktoba, gari likiwa juani, inaweza kukimbia dakika 35 kwa saa, na hapo unakula 63. Ukilala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 juu na baridi yake, usiku utaisikia mara mojamoja tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "friji inakula 40", muulize wapi na mwezi gani.

Kuna kitu kimoja wageni na wapishi hawakijui kinachokula betri kuliko hali ya hewa, nacho ni vinywaji vya moto. Lita 12 za maji zikitoka nyuzi 30 kushuka hadi 5 zinaigharimu friji takribani ampea-saa 20. Hiyo ni nusu ya matumizi ya siku nzima, kwa sababu ya mpishi mmoja aliyejaza katoni saa 12 jioni gari likiwa limezimwa! Ipoze friji nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kabla ya safari, ijaze vitu vilivyokwisha poa, na vinywaji vipya viingie asubuhi mnapoondoka, altaneta ikiwa inafanya kazi. Weka nyuzi 4. Ukiigeuza jokofu la nyama la kasoro 15, sahau hesabu zote nilizoandika hapa. Na matundu ya kompresa yaachie nafasi ya kupumua. Nimeona friji imezibwa na mabegi ya kulalia pande zote, kompresa haipumziki hata dakika moja, mwenye gari analaumu betri.

Kwa hiyo unahitaji betri inayoweza kutoa kama 40 kwa siku ya kawaida na 60 siku mbaya, na irudishiwe zote kesho yake. Neno zito hapo ni "irudishiwe".

Betri za risasi, ziwe za maji, jeli au AGM, zina tabia ya kushiba polepole. Kutoka nusu kwenda asilimia 80 zinapokea umeme kwa pupa. Kwa chaja ya ampea 25 na betri ya 100 ni kama saa moja na nusu. Kuanzia hapo zinaanza kukataa. Asilimia 20 za mwisho zinataka saa nne, tano na zaidi, hata ukileta chaja kubwa kama nyumba. Sasa angalia siku yako. Unatoka kambini saa 12 asubuhi, unatafuta simba. Ukimpata unazima injini nusu saa, wageni wanapiga picha. Unawasha, unasogea, unazima tena. Mchana umelala chini ya mti. Injini ikikimbia saa tatu kamili kwa siku hiyo, umejitahidi. AGM yako inapanda hadi 80, usiku inashuka hadi 40, kesho inapanda hadi 80, haijawahi kuona 100 tangu Arusha. Betri ya risasi inayoishi hivyo inaota salfeti ngumu kwenye sahani zake, na uwezo wake unapungua safari baada ya safari. Hii ndiyo sababu jamaa wanalalamika kwamba AGM ya bei mbaya imekufa baada ya msimu mmoja. Haikuwa feki. Ilikuwa na njaa.

Lithiamu, na hapa nazungumzia ile iliyoandikwa LiFePO4 kwenye lebo, haina shida hiyo. Inapokea umeme kwa kasi ileile karibu mpaka mwisho, na ukiiacha asilimia 60 wiki nzima haikununii. Chaja ya ampea 25 kwa saa tatu ni ampea-saa 75, inatosha hata siku ya Natron. Katika 100 zake unaweza kutumia 80 au 90 bila kuiumiza, wakati ya risasi ni busara usipite 50. Na uzito: AGM ya 100 ni kilo 28 hadi 30, lithiamu ni 11 hadi 13. Kwenye gari ambalo tayari limebeba mahema, mitungi ya gesi, madumu ya maji na mpishi, kilo 17 si haba.

Bei ndiyo inayowatisha watu. Sikutajii, kwa kuwa itakuwa imebadilika kabla hujafika dukani, lakini fanya hesabu ya muuza duka: gawa bei kwa idadi ya mara utakazoinyonya na kuijaza. AGM ikishushwa hadi nusu kila usiku na kujazwa vizuri inakwenda mara 400 mpaka 600. LiFePO4 nzuri inakwenda 2,000 na zaidi, tena ikishushwa hadi asilimia 20. Wewe unalala porini usiku mia na kitu kwa mwaka. Mtu anayekwenda kambi Pasaka na Krismasi, mwambie anunue AGM na asisikilize kelele za lithiamu.

Kwa nini siyo 200? Kwa sababu gari lako linatembea kila siku. Mia moja inakubeba siku mbili za kawaida bila kuwasha injini kabisa, na wewe hujawahi kukaa siku mbili bila kuwasha. Hiyo mia ya pili itakaa nyuma ya gari kama abiria asiyelipa nauli. Ingekuwa unaweka kambi siku nne mahali pamoja ufukweni Pangani, na friji mbili, tungeongea mengine. Tofauti ya bei kati ya 100 na 200 iweke kwenye chaja na waya, utaishukuru.

Chaja sasa. Altaneta za zamani kama yako hutoa volti 14.2 hivi muda wote, na kwa AGM ungeweza kutumia rilei ya kawaida inayojifunga yenyewe: volti zikipanda juu ya 13.3 gari likiwa limewaka inaunganisha betri mbili, zikishuka hadi 12.8 inazitenganisha. Ni kitu rahisi, na nimefunga nyingi sana. Lakini kwa lithiamu usifanye hivyo. Lithiamu iliyoshuka ina kiu mno: itavuta kila ampea altaneta iliyonayo, na altaneta ikitoa yote kwa muda mrefu huku injini ikizunguka taratibu, feni yake haipozi vya kutosha, inaungua. Chaja ya DC-DC inakaa katikati kama mshenga. Kwa altaneta inasema "nipe kama 30 tu", kwa betri inasema "chukua 25, volti 14.4, ukishiba niambie". Na gari likizimwa inakata yenyewe, betri yako ya kuwashia inalala salama. Magari mapya yenye altaneta zinazoshusha volti ili kuokoa mafuta yanailazimu chaja hii hata kwa AGM, kwa sababu rilei itakuwa inafunga na kufungua kama mlango wa duka. Ukipata chaja yenye mlango wa sola humohumo, chukua hiyo.

Mahali pa kufunga. Watu wanapenda chini ya boneti kwa kuwa kuna nafasi upande wa pili na waya unakuwa mfupi. Chini ya boneti ya gari linalopanda Mto wa Mbu kuelekea Ngorongoro ni tanuri. Joto ndilo adui wa betri zote. Ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Lithiamu usiiweke pale hata kidogo. Ifunge ndani, nyuma ya kiti au chini ya sakafu ya mizigo, karibu na friji, kwenye trei ya chuma yenye mkanda unaobana kweli. Itikise kwa mkono wako. Ikicheza hata kidogo, barabara ya Natron itaimaliza kazi. Ukichagua betri ya maji, haiingii ndani wanakokaa watu, kwa kuwa ikichajiwa inatoa hidrojeni na mvuke wa asidi. AGM inaruhusiwa ndani. Kuhusu baridi: lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Ngorongoro mwezi wa Julai utatetemeka, lakini ndani ya gari hufiki huko, na betri nzuri ina bodi ya ulinzi inayokataa chaji kwenye baridi hiyo. Muulize muuzaji kama ipo, usichukue "ipo, ipo" kama jibu, akuonyeshe kwenye karatasi.

Sasa waya, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Waya unaokwenda kwenye soketi ya kiberiti ni mwembamba, wa milimita 1 hivi ya mraba. Kutoka betri hadi nyuma ya gari lako refu ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa ampea 5, waya wa 1 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Wa 2.5 unapoteza 0.35. Wa 6 unapoteza 0.15. Maana yake betri ikiwa na 12.2, ambayo kwa ya risasi ni nusu kamili, friji yako kule nyuma inaona 11.3, na ukiwa umeiweka ngazi ya juu ya kukata umeme, inazima saa 4 usiku na maziwa yanachacha. Huo ndio mtego niliokuahidi. Ukitumia ngazi ya juu na waya wa soketi, friji itazima bila sababu. Ukirudi ngazi ya chini, itaua gari. Ondoa soketi ya kiberiti kabisa. Tumia waya wa 6 kutoka betri ya pili hadi friji, na plagi ya kufunga kwa kuzungusha, isiyochomoka kwenye mawe. Kutoka betri ya mbele hadi chaja ya DC-DC tumia waya wa 16, kwa sababu pale inapita ampea 30, na kwa 30 waya wa 6 ungekula tena volti 0.9 zilezile. Waya wa hasi nao upeleke mpaka kwenye betri, usitegemee bodi ya gari. Bodi ina kutu na rangi.

Na fyuzi. Miaka kadhaa iliyopita liliingia gereji kwangu gari limevutwa, ndani linanuka plastiki iliyoungua, sakafu ya nyuma ina mstari mweusi kama umechorwa na mkaa. Dereva alikuwa ameapa fyuzi aliweka. Tukafuatilia waya. Mbele, unapotoka chumba cha injini kuingia ndani, ulipita kwenye tundu la chuma lisilo na raba. Barabara ilikuwa imeusugua pale mpaka shaba ikaonekana, ikagusa bodi. Na fyuzi ilikuwepo kweli, tena nzima kabisa, inang'aa: aliifunga kule nyuma, kwenye friji. Umeme ulipita njia ya mkato kabla ya kuifikia. Fyuzi inakaa betrini, sentimita 20 isizidi, kwenye chanya, na waya unaounganisha betri mbili unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande, kwa sababu kila betri inaweza kuuchoma. Kwa chaja yako weka za 40, kwa friji ya 15. Kila tundu la chuma liwekewe raba, na waya upite ndani ya mpira wa kinga, ule wenye mikunjo. Dereva yule aliokoka kwa kuwa alisikia harufu akiwa karibu na kijiji. Angekuwa amelala kwenye hema la juu ya keria, sijui.

Sola nilisema ni ya lazima ukichagua AGM. Paneli ya wati 100 ikilala bapa juu ya paa, siku ya jua safi, inarudisha ampea-saa 25 hadi 30. Haitoshi kuilisha friji peke yake, lakini kazi yake hapa ni nyingine: inafanya ile kazi ya polepole ya asilimia 20 za mwisho, mchana kutwa, injini ikiwa imezimwa na wewe ukimsubiri chui ashuke mtini. AGM inaonja 100 kila baada ya siku moja au mbili na inaishi. Kwenye gari lako la paa la kuinua, paneli ikae sehemu ya mbele juu ya dereva, ile isiyonyanyuka, usije ukavuta waya kila ukifungua paa. Kwa lithiamu, sola ni anasa nzuri tu. Tatizo la sola kambini unalijua mwenyewe: friji inataka kivuli, paneli inataka jua, na vyote viko kwenye gari moja.

Ukienda dukani, beba mizani. Sifanyi mzaha. Betri ya risasi iliyoandikwa 100 ikiwa na kilo 15, ndani hamna risasi ya kutosha, hata kama lebo ina simba na nyota tano. Ukishainunua, ijaribu nyumbani kabla ya kuifunga. Taa ya mbele ya gari ya H4, upande wa wati 60, inakula ampea 5. Jaza betri kabisa, iunge na taa hiyo, angalia saa. Ya risasi ya kweli ya 100 baada ya saa 10 iko nusu, mita itakuonyesha karibu 12.0 taa ikiwa inawaka. Ikiwa chini ya 11.5, umenunua lebo. Irudishe dukani ikiwa bado mpya. Lithiamu ya 100 itawasha taa hiyo saa 18 hivi kabla ya bodi yake kukata, na kwa lithiamu volti hazitakuambia kitu, kwani zinakaa 13 na nukta karibu mpaka mwisho, halafu giza la ghafla. Ndiyo maana pamoja na lithiamu nunua na kile kimita kidogo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Bila hicho unaendesha gari lisilo na geji ya mafuta.

N70 yako usiitupe kabla ya kuipima. Ichaji usiku kucha, iache ipumzike saa kadhaa bila kuguswa, ipime: ikikaa 12.6 au 12.7, kisha isishuke chini ya 10 stata ikizungusha injini ya baridi, bado ina kazi. Ikishindwa hapo, badilisha N70 kwanza, kabla ya mengine yote, maana betri ya pili nzuri namna gani haitawasha gari ambalo ya kwanza imechoka.

Ukimaliza kufunga, lala nayo nyumbani usiku mmoja. Friji ijae, nyuzi 4, gari uani limezimwa tangu saa 12 jioni. Saa 12 asubuhi pima betri zote mbili kabla ya kugusa ufunguo. Ya kuwashia iwe na volti zilezile ulizoziacha jioni, kasoro moja ya kumi labda. Ikiwa imeshuka zaidi ya hapo, kuna waya mahali fulani bado unanyonya upande usiotakiwa. Niletee tuutafute kabla wageni hawajatua uwanja wa ndege wa KIA.